Wilaya nazo zitoe neno juu ya vibali vya wataalamu wa kigeni



Natoa maoni yangu juu ya jambo linalowahusu wananchi wa Ruangwa na Nachingwea, na ambalo naamini linawahusu pia wananchi wa kila wilaya yenye mgodi au kiwanda kikubwa. Jambo lenyewe ni utaratibu wa kutoa vibali kwa wataalamu wa kigeni wanaokuja kufanya kazi nchini mwetu.

Kila msomaji amekwisha sikia habari za madini ya kinywe ya Ruangwa. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa mradi wa Chilalo na kampuni ya Evolution Energy Minerals ya Australia, na Serikali ikapata hisa asilimia 16 katika kampuni ya ubia. Mgodi wa Lindi Jumbo, katika wilaya hiyo hiyo, nao ulianzishwa na kampuni ya kutoka Australia. Kwa jirani zao wa Nachingwea, watafiti wamekuwa wakipima nikeli katika kilima cha Ntaka. Kazi za namna hii zinataka wahandisi wa mitambo ya kuchenjua, wakemia wa maabara, mafundi umeme wa viwandani na mafundi wa kuchomelea vyuma. Mahali ambapo hatuna mtu wa kazi hiyo, mgeni aje. Hakuna mwenye akili timamu anayepinga jambo hilo.

Sheria nayo haina kasoro katika nia yake. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 imempa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa vibali, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi wa mgeni kwa Mtanzania. Kanuni za mwaka 2018 juu ya ushiriki wa Watanzania katika madini nazo zinasisitiza ajira na mafunzo kwa wananchi. Lakini swali langu ni hili: mpango huo wa kurithisha ujuzi ukishaandikwa na kupelekwa Dodoma, ni nani huko Ruangwa anayejua umeandikwa nini? Diwani anajua? Mkuu wa chuo cha ufundi anajua? Kijana anayetakiwa kurithishwa huo ujuzi, je, mwenyewe anajua kwamba ndiye mrithi?

Tutazame wenzetu wanavyofanya. Nchini Canada, tangu jimbo la Manitoba lilipoanza mwaka 1998, majimbo yamekuwa yakipendekeza yenyewe wafanyakazi wenye ujuzi wanaotakiwa kuingia. Jimbo linatazama upungufu wake, kama ni wauguzi au ni mafundi, linateua watu wake, kisha serikali kuu inakagua na kutoa kibali cha mwisho. Australia, huko huko zinakotoka kampuni za kinywe, ipo viza iliyoanza Novemba 2019 ambayo serikali ya jimbo inaweza kumpendekeza mtaalamu, naye akalazimika kuishi na kufanya kazi nje ya miji mikubwa ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Maana yake ni kwamba watu wa huko wametambua kuwa anayejua upungufu wa mahali ni yule anayeishi mahali hapo. Ikiwa jambo hilo ni jema kwao, kwa nini liwe baya kwetu?

Wananchi wa Kusini wana sababu ya kuuliza. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake. Wakaja wataalamu wengi kutoka ng'ambo, yakaja matrekta, ikajengwa reli. Wenyeji walichukuliwa kwa kazi ya kufyeka pori na kubeba mizigo. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa baada ya kuteketeza mamilioni ya fedha. Wataalamu wakaenda zao na ujuzi wao kichwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari ya Mtwara ilibaki, lakini mafundi wa Nachingwea walikuwa wapi?

Lakini historia hiyo hiyo inatufundisha pia namna nyingine. Nachingwea ndiyo iliyokuwa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Wakufunzi wa Kichina walifika pale kufundisha, na waliofundishwa wakawafundisha wenzao, hata mwaka 1975 Msumbiji ikapata uhuru wake. Na ilipojengwa reli ya TAZARA, vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, na chuo kikajengwa Mpika. Kumbe mgeni anaweza kuja, akafundisha, akaondoka, na kazi ikaendelea. Tofauti ni kama mafunzo yamepangwa na kusimamiwa tangu siku ya kwanza, au yameachwa yawe maneno ya kwenye karatasi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwaka mkoa utoe orodha ya ujuzi uliopungua katika wilaya zake. Orodha hiyo itengenezwe na Afisa Kazi, vyuo vya ufundi, halmashauri na wenye migodi kwa pamoja. Pili, ombi la kibali cha mtaalamu atakayefanya kazi Ruangwa au Nachingwea lipitie mkoani kupata maoni kabla Kamishna hajaamua. Tatu, jina la Mtanzania atakayerithi kazi hiyo, na muda wa kumfundisha, vijulikane wilayani, na Afisa Kazi akague kila baada ya miezi 6. Muda wa kibali ukiisha na mrithi hajafundishwa, mwajiri aeleze sababu kabla ya kuomba tena.

Najua watakuwapo wa kusema kwamba utaratibu huu utaongeza urasimu, na kwamba kila meza mpya ni mlango mpya wa rushwa. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Dawa yake ni kuweka muda. Mkoa upewe siku 14. Zikipita bila jibu, ombi liendelee. Tena mkoa utoe maoni tu, kwa maandishi na kwa sababu, na uamuzi ubaki kwa Kamishna. Maoni yaliyoandikwa na kutiwa saini ni magumu kuyauza.

Wengine watasema tunaleta ukanda. Sivyo. Mtanzania wa Kagera mwenye ujuzi akija Chilalo, karibu sana, hiyo ni nchi yake. Lakini kijana wa Ruangwa aliyesomea umeme asiambiwe kwamba hakuna Mtanzania wa kazi hiyo wakati hakuna aliyekwenda kuuliza chuoni kwake. Mgodi haudumu milele. Mkorosho ukivunwa mwaka huu utazaa tena mwakani, lakini kinywe kikishachimbwa hakioti tena. Kitakachobaki ni shimo na ujuzi, na kama ujuzi haukubaki, limebaki shimo.

Na ujuzi ukishaingia mkononi mwa kijana wetu hauishii Ruangwa. Atatakiwa Geita, atatakiwa Kahama, na huenda hata hayo majimbo ya ng'ambo yakamchagua yeye. Siku hiyo atakwenda kwa heshima, akiwa fundi mwenye cheti na uzoefu, wala hatakwenda kubahatisha.

Naomba Wizara inayohusika na kazi, pamoja na uongozi wa Mkoa wa Lindi, walitazame jambo hili mapema, kabla vibali vingine havijatolewa na kuisha muda wake. Madiwani wa Ruangwa na Nachingwea nao wasingoje kualikwa. Waulize katika vikao vyao, mgeni gani anafanya kazi gani, na nani anafundishwa kuishika kazi hiyo baada yake. Swali hilo halihitaji sheria mpya.

Mwananchi,
Nachingwea.