Yule wa Nyuma, Karibu na Spika

Kila vijana wenzangu wanapopanga orodha ya wapiga gitaa bora wa roki, AC/DC inaingia kwa jina moja: Angus Young, yule wa kaptura ya shule anayegaragara jukwaani. Nasema wazi, bendi hiyo hamjaisikiliza. Mmeitazama.

Msikilizeni kaka yake, Malcolm, aliyeianzisha Sydney mwaka 1973. Aling'oa vinasa sauti kwenye gitaa lake la Gretsch, akabakiza kimoja tu, akafunga nyuzi nene, na amplifaya hakuifungulia mkwaruzo mwingi. Ndiyo maana kodi za gitaa lake unazisikia noti kwa noti hata sauti ikiwa juu ya kutisha. Na kati ya kodi na kodi, ananyamaza. Ule ukimya, kwangu mimi, ndio AC/DC yenyewe. Solo za Angus zimekaa juu yake kama bati juu ya ukuta.

Aliyekulia kwenye dansi angepaswa kulielewa hili haraka. Kwetu gitaa la ridhimu lina heshima yake, ingawa hata huko anayetuzwa ni mpiga solo.

Mwaka 2014 maradhi ya kupoteza kumbukumbu yalimtoa Malcolm kwenye bendi. Akafariki Novemba 2017. Aliyeshika nafasi yake, Stevie, mtoto wa kaka yao, hakuitwa aje kubuni mtindo mpya. Aliitwa apige vilevile alivyopiga Malcolm. Sasa niambieni, msindikizaji gani hutafutiwa mtu wa kumwiga mpaka pale anaponyamaza?