Kitoweo cha Mzee Kimekwenda Wapi?



Sisi tuliozaliwa Kudhaa, kile kisiwa cha Wabajuni kilicho kusini mwa Kismayu, hatukulisikia neno pensheni utotoni mwetu. Wala hatukumwona mzee akilala na njaa ilhali mashua zimerudi na samaki. Bahari ilikuwa na hesabu yake: fungu la chombo, fungu la nyavu, kisha mafungu ya mabaharia. Lakini kabla mafungu hayajagawanywa, samaki wawili watatu walikuwa wamekwisha kuondoka pwani mkononi mwa mtoto aliyeambiwa, "Mpelekee babu kitoweo." Babu mwenyewe yuko barazani anatengeneza wavu uliochanika. Hakuomba kitu. Alikuwa amekwisha kuvua miaka yake, na kila mtu alilijua hilo.

Hatusemi haya kwa kuusifu umaskini. Maji yalikuwa ya shida, daktari alikuwa mbali, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku alimngoja Mungu na upepo. Tunasema kwa sababu tulipoacha wavu tukaenda kushika mashine na panga la shamba, tulipata mshahara tukakipoteza kitoweo cha uzeeni. Wengi wetu hatukutambua mpaka meno yalipoanza kung'oka.

Tulitawanyika. Wengine walishuka na kaskazi katika majahazi ya boriti hadi Lamu na Mombasa, kwa nia ya kurudi na kusi. Kusi ikavuma mwaka baada ya mwaka na wao wangali bandarini. Wengine walikwenda Kismayu, au mashamba ya migomba ya bonde la Juba, na baadaye kiwanda cha sukari cha Mareerey. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991 na vita kufika kwetu, tulipakia watoto na sufuria mashuani, na wengi tukajikuta katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Mtu mwenye umri wa miaka 40, aliyekwisha kufanya kazi miaka 15, alianza upya kama kibarua wa siku. Ile miaka 15 ilibaki katika majalada ya ofisi ambazo hazipo tena.

Hata waliotangulia kabla ya vita hawakusalimika. Tangu 1972 Kisomali huandikwa kwa herufi za Kilatini, ambamo x husimama mahali pa ha ya kooni na c mahali pa ain, kama tulivyozijua chuoni. Basi Mohamed mwana wa Ali huandikwa Maxamed Cali. Mwenzetu mmoja alifika Mombasa mwaka 1978 na karatasi ya namna hiyo, karani akasoma kama alivyojua yeye, akaandika kwenye kadi "Maksamed Kali". Tulicheka sana siku ile. Miaka 40 baadaye, mwenzetu alipokwenda kudai akiba yake, hapana aliyecheka. Kadi ina jina moja na kitambulisho kina jingine. Zaidi ya hayo, kiwanda kimoja alichokitumikia, ambacho hatutakitaja, kilimkata kila mwezi lakini kwa miezi 18 fedha hazikupelekwa. Amekwenda ofisini mara tisa. Nauli peke yake ingemnunulia mbuzi.

Kuna wanaotwambia tusihangaike, watoto ndio pensheni. Kudhaa neno hilo lilikuwa kweli, maana mtoto, mzee na mashua walikuwa pwani moja. Leo mwanetu yuko kiwandani Athi River, amepanga chumba kimoja, ana kodi, ana karo, ana watoto wake. Akipata hutuma. Asipopata hapigi simu, nasi tunajua kwa nini simu haikulia, tukikutana naye hatumwulizi. Mwana huyu si mbaya. Mshahara wake umepimwa kwa tumbo la anayefanya kazi leo; mamake hakuwamo katika hesabu hiyo.

Wenzetu wa Zanzibar wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tangu Aprili 2016 mkazi aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni na serikali, awe alikuwa karani au mvuvi. Walianza na shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Kenya nayo ilianza katika 2018 kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Ni jambo jema. Lakini mlango wake ni kitambulisho, na mzee aliyevuka mpaka kwa mashua usiku anajua ugumu wa mlango huo.

Ndiyo maana tunasema na nyinyi vijana mlio kazini. Hazina ya NSSF ilianzishwa kwa sheria ya 1965. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 tu na mwajiri akatoa 200. Tangu Februari 2023, kwa sheria ya 2013, kila upande hutoa asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango kilichowekwa. Tunasikia manung'uniko, na sisi hatukuyapenda makato hata siku moja. Lakini ugomvi wetu uwe mahali pake: je, fedha zilizokatwa zimefika? Kwa maoni yetu, Chama hakina budi kulitia jambo hili katika mazungumzo yajayo na waajiri, ili ushahidi wa malipo ubandikwe ubaoni kila mwezi, mahali ambapo hata mfagiaji atauona.

Na vibarua wasisahauliwe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Wangapi wanaachishwa siku ya 28 na kuitwa tena baada ya siku mbili? Sisi tulifanyiwa hivyo tukadhani ndiyo desturi ya kazi.

Kudhaa hatujakwenda siku nyingi. Tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011, njia ile ya Kiunga na Ras Kiamboni haikuwa tena njia ya mzee kwenda kuzuru kaburi la babake, na wajukuu wetu wanakijua kisiwa kwa jina tu. Jioni wanatuuliza habari za kasa na majahazi, nasi tunawasimulia. Siku hizi tumeongeza na hadithi ya kadi.

Jumatatu tunamsindikiza mwenzetu wa majina mawili kwa mara ya kumi. Safari hii katibu wa tawi anafuatana nasi, na mwenzetu ameitoa kanzu yake ya Ijumaa sandukuni ipigwe pasi.