TAARIFA YA TAWI: KIVUKO CHA RELI



Novemba 2023 basi liligongana na treni Manyoni, watu 13 wakafariki. Kivuko chetu nacho kina kibao tu, tena kimefifia.

Tunachodai si kigeni. Umeme mdogo hupitishwa kwenye reli. Treni ikikaribia, magurudumu yake huuchepusha, taa zikawaka na kengele ikalia. Ufundi huo ulisajiliwa Marekani mwaka 1872! Leo sheria yao inataka onyo la angalau sekunde 20 kabla treni haijafika. Hata reli ikikatika, taa huwaka.

Hesabu nazijua, mtambo una gharama. Basi waanze na vivuko vya daladala na wanafunzi.

Diwani atakuwepo kikao cha Jumapili, saa 10 jioni. Hoja hii ndiyo ya kwanza. Mabalozi, leteni watu.

Katibu wa Tawi