Huruma na Mpango wa Kazi

Katika ukurasa huu mara nyingi tumezungumza juu ya fadhila za kutoa. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo lililo jirani na hilo, nalo ni namna ya kuiongoza kazi ya khairi hata ikafika mwisho wake. Vijana wetu hawakosi nia njema, alhamdulillahi. Lililo adimu ni kazi iliyoanzwa kwa takbira katika Ramadhani, ikaonekana ingali hai Mfungo Sita.

Mfano wetu tumeuchukua mahali ambapo huenda baadhi yenu msipatarajie, yaani katika kazi ya kuokoa wanyama. Wako wasemao kuwa hiyo ni shughuli ya watu walioshiba wasio na la kufanya. Maneno hayo hayafai kutoka kinywani mwa Mwislamu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameandika kuwa mwenye mnyama akikataa kumlisha, hakimu ana haki ya kumlazimisha amlishe au amuuze, au amchinje ikiwa ni katika wanyama wa kuliwa. Jambo lililofikishwa mbele ya hakimu si mchezo wa walioshiba.

Basi sikilizeni habari hii. Tarehe 23 Juni, 2000, meli iitwayo Treasure, iliyobeba madini ya chuma, ilizama karibu na mji wa Cape Town, Afrika ya Kusini, baina ya kisiwa cha Robben na kisiwa cha Dassen. Robben ndicho kisiwa alichofungwa Mzee Nelson Mandela. Na kabla yake kwa miaka mingi Wadachi waliwafunga humo mashekhe waliowahamisha kutoka nchi za Mashariki. Ziara ya mmoja wao, Sayyid Abdurahman Moturu, ingaliko kisiwani hata leo. Katika visiwa hivyo viwili huzaliana ndege wa baharini waitwao pengwini. Ndege hawa hawaruki, bali huogelea na kuvua samaki. Meli ilipozama, mafuta yake mazito zaidi ya tani 1,000 yalimwagika baharini, na ndege wapatao 19,000 wakapakaa mafuta hayo.

Pengwini aliyepakaa mafuta hufa kwa njia mbili. Manyoya yake huacha kuzuia maji, baridi ya bahari ikamwingia mwilini; na akijisafisha kwa mdomo wake, huyameza mafuta yakamdhuru tumboni. Kwa hiyo hapakuwa na muda wa kungoja. Watu wa Cape Town walijitokeza kwa maelfu. Hesabu yao ilipita 12,000, nao walikuwa wakubwa kwa wadogo, na wengi wao hawajapata kumshika ndege huyo maishani mwao. Chama cha huko cha kuokoa ndege wa baharini, SANCCOB, kilichoanzishwa mwaka 1968, hakikuwa na nafasi ya kuwatosha. Ikachukuliwa bohari kubwa katika mtaa wa Salt River.

Sasa tuutazame mwisho wake. Katika ndege hao waliopakaa mafuta, zaidi ya 9 katika kila 10 waliokolewa wakarudishwa baharini. Lakini miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1994, meli nyingine, Apollo Sea, ilizama katika bahari hiyo hiyo, wakakusanywa ndege wapatao 10,000, na kadiri ya nusu yao wakafa. Je, tuseme kuwa watu wa mwaka 1994 hawakuwa na huruma? La, hasha. Huruma ilikuwa ile ile. Wengi katika ndege wale walikufa siku za mwanzo, katika kuchukuliwa na kungojea. Wenye kazi walikaa wakaulizana kwa nini wamekufa, wakayaandika majibu, na miongoni mwa majibu hayo yakatoka masanduku yenye matundu ya kupitisha hewa, tayari kwa siku nyingine. Siku hiyo ilipofika, masanduku yalikuwapo. Sisi huku, kazi yetu ikiharibika, desturi yetu ni kusema kuwa Mungu hakupenda, na daftari hatulifungui. Kuridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu ni imani; kuifanya kadari pazia la kufichia uvivu ni jambo jingine.

Liko jambo moja katika kazi ile ambalo latupendeza sana. Mtu aliyefika bohari na kuona ndege mweusi tititi kwa mafuta, moyo wake humwambia: mwoshe upesi. Nao wataalamu walimkataza. Ndege aliyechoka, mwenye njaa na kiu, akioshwa saa ile ile, kuoshwa kwenyewe humuua. Kwanza hupewa maji na chakula mpaka apate nguvu, ndipo aoshwe kwa sabuni na maji ya moto kiasi, tena asuuzwe sana. Kiongozi wa kazi huonekana hapo, katika kuizuia mikono ya watu wema isiifanye kesho kazi ya leo, wala leo kazi ya kesho. Ni mara ngapi tumeona msikiti ukipakwa rangi kabla ya paa kuzibwa?

Ama kwa upande wa wenye kujitolea, hawakuachiwa kujifanyia kila mmoja apendavyo. Mgeni hakumkimbilia ndege. Alivikwa nguo za kujikinga, kwani mdomo wa pengwini hukata kama wembe, akaonyeshwa namna ya kumshika na kumtia samaki kinywani, kwa sababu ndege yule hamjui samaki aliyekufa wala hamli kwa hiari yake. Waliokwisha kuzoea wakawafundisha wageni. Na asiyeweza kazi hiyo alipata nyingine: kufua mataulo, kubeba maji, kuwapikia wafanyao kazi. Mwenye kujitolea halipwi fedha, na kwa hiyo wengi hudhani kuwa hana haki. Anayo haki. Haki yake ni kuikuta kazi imepangwa anapofika, kumjua wa kumwuliza, na kuujua wakati wa kwenda zake nyumbani. Kijana akija Jumamosi tatu akakuta watu wamekaa wakibishana nani ana ufunguo wa stoo, Jumamosi ya nne haji. Nasi twamlaumu kwa uchache wa imani!

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote haikufanyika ndani ya bohari. Visiwani walikuwako ndege wengine wapatao 19,500 ambao mafuta yalikuwa hayajawafikia. Viongozi wangeweza kungoja wapakae, kisha wawaoshe. Badala yake waliwakamata wakiwa safi, wakawapakia magarini, wakawapeleka kiasi cha kilomita 800 mpaka karibu na Port Elizabeth, mji ambao tangu mwaka 2021 waitwa Gqeberha, wakawaachia baharini. Walijua kuwa ndege hao watarudi kwao kwa kuogelea, na muda watakaotumia njiani ndio muda wa kusafisha bahari. Ndivyo ilivyokuwa. Watatu kati yao, waliopewa majina ya Peter, Pamela na Percy, walifungwa vyombo vya kufuatia safari zao, watu wakawa wakiwatazama siku baada ya siku wakirejea. Fikirini: karibu nusu ya kazi nzima iliondolewa kwa shauri moja la mapema, na wala halikuhitaji sabuni.

Tena ndege aliyeoshwa hakuachiwa kwa kuwa tu anapendeza machoni. Alipimwa kama manyoya yake yamerudi kuzuia maji na kama mwili wake una afya, akavishwa pete yenye namba, ndipo akaachiwa. Kwa namba hizo, wataalamu waliweza kujua miaka ya baadaye nani yu hai na nani amezaa. Twalitaja hili kwa sababu ndege hawa wamezidi kupungua kwa mambo mengine, hata mwaka 2024 wakaingizwa katika daraja ya walio karibu mno na kutoweka; na lau hesabu zisingeandikwa, hata kupungua huko kusingejulikana sawasawa.

Hapa twakumbuka hadithi mbili mnazozijua nyote. Ya kwanza ni ya mtu aliyemwona mbwa akihangaika kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Watoto huulizwa katika chuo thawabu yake ilikuwa nini. Sisi huwauliza pia kwa nini alikishika kwa meno. Alikishika hivyo ili mikono yake ipate kupandia. Hakuwa na ndoo, akatazama alicho nacho.

Ya pili ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe, wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Angalieni kuwa lau asingalimfunga, paka yule angalipata riziki yake mwenyewe. Kosa ni kumtia mkononi kisha kumsahau. Kila kazi ya khairi tunayoianzisha ni kama paka yule: siku ya kuifungia mlango ndiyo siku tunapoanza kuulizwa habari zake. Yatima aliyeahidiwa ada akaacha kutafuta kwingine naye yumo.

Kwa hiyo vijana wanaotaka kuwatunza paka wa msikitini, au punda wenye vidonda mgongoni kama ilivyo desturi nzuri ya Lamu, ambako tangu mwaka 1987 punda hutibiwa bure, twawapa karatasi na kalamu kabla ya kuwapa fedha. Waandike nani atanunua chakula, nani atashika hesabu, mgonjwa atapelekwa kwa mganga gani wa wanyama, na ni wanyama wangapi wanaowaweza, wasizidishe hata mmoja. Kisha waandike jina la yule atakayewalisha asubuhi ya Idi, wenziwe wote watakapokuwa wamevaa kanzu mpya wakienda kuamkia wazee.