Uso wa Chuma na Mwali wa Leza

Chuma kwa kawaida huanza kulika na kushika kutu usoni, wala si ndani. Kwa hiyo ni busara kuuimarisha uso wenyewe. Mwali wa leza, chombo kilichofanyizwa kwa mara ya kwanza na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960, huyeyusha tabaka jembamba, aghalabu lisilofikia milimita 1. Chuma baridi kilicho chini yake hufyonza joto papo hapo, na tabaka hupoa kwa kasi iwezayo kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi kwa sekunde. Katika chuma cha kalibu, kaboni iliyokuwa vipande laini vya grafaiti huungana na chuma kuwa kabidi ngumu, ilhali kiini hubaki kama kilivyokuwa.

Hata hivyo, haifai mwanafunzi aistaajabie mashine akaisahau kanuni. Mhunzi achovyaye majini patasi ya pua iliyoiva motoni hutegemea jambo lilo hilo: kupoa kwa ghafla huzinyima atomi muda wa kujipanga kwa utulivu. Tena ugumu una gharama yake, kwani tabaka lililopozwa hivyo huweza kupasuka. Shule isiyo na leza haikosi moto, maji na tupa ya kupimia ugumu. Somo na lianzie hapo.