Ahadi ya Kupona Haiuzwi: Matangazo ya Nyumba za Upataji Nafuu Yanahitaji Sheria na Dhamiri

Hakuna mtu aliye rahisi kudanganyika kama mzazi aliyekata tamaa. Mwanawe amezama katika heroini, bangi, mirungi au gongo. Vyombo vya nyumbani vimeuzwa kimoja kimoja. Majirani wamekwisha kujua. Kisha simu inamletea tangazo: mraibu atapona kabisa ndani ya siku 90, kwa uhakika, njoo na malipo ya mwezi wa kwanza. Kwa familia ya Unga Limited au Ngarenaro, na kwa mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Meru, ahadi hiyo yatosha kumfanya auze ng’ombe au kipande cha shamba. Tunauliza basi: ni nani anayeipima ahadi hiyo kabla haijamfikia?

Tuanze kwa kutenda haki. Nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi, ni huduma njema. Humo waraibu walioamua kuacha huishi pamoja kwa nidhamu, mara nyingi wakiongozwa na watu waliopita njia hiyo hiyo. Zanzibar ilitangulia, Tanzania Bara ikafuata. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ndiyo iliyounda Mamlaka yenye dhamana hiyo, ambayo kazi yake si kukamata wauzaji tu, bali pia kuratibu tiba na utengamao wa waraibu. Tangu mwaka 2011 Serikali imekuwa ikitoa methadoni bila malipo kwa waraibu wa heroini, ikianzia Muhimbili, na huduma hiyo imefika pia Arusha.

Tatizo, basi, ni ahadi. Wataalamu wa afya wanafundisha kwamba uraibu ni maradhi sugu, kama kisukari au shinikizo la damu. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza dawa za kulevya inakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaotibiwa, 40 hadi 60 hurudia kutumia wakati fulani. Kurudia huko hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa. Kunaonyesha kwamba safari ni ndefu. Anayetangaza uponyaji wa uhakika kwa siku 90 anauza asichokuwa nacho.

Uongo huu haumalizi fedha tu. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa asipokuwa na uangalizi wa tabibu. Aliyekaa miezi bila heroini mwili wake huwa umepoteza uzoefu. Akirudia kipimo cha zamani, anaweza asiamke. Kwa hiyo nyumba inayojitangaza kuwa ina daktari, kumbe hana hata muuguzi wa kumwita usiku, inacheza na uhai wa mtu.

Je, sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo mlinzi wake. Lakini mzazi mwenye aibu hapeleki malalamiko kwenye tume. Anamchukua mwanawe gizani na kunyamaza. Mfumo unaosubiri malalamiko hauwezi kumlinda mtu wa namna hiyo. Yafaa Mamlaka na Tume washirikiane kuyakagua matangazo yenyewe, si majengo na vitanda peke yake.

Wengine wamejifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 2017 jimbo la Florida nchini Marekani lilitunga sheria inayokataza watoa tiba ya uraibu na nyumba za namna hii kusema uongo kuhusu huduma zao na mahali zilipo. Huko Arizona, mwaka 2023, serikali ilifichua kwamba watu wa jamii za asili walikuwa wakishawishiwa kwa ahadi ya tiba na malazi ili bima ya umma itozwe fedha. Baadhi yao waliishia mitaani. Kwetu sisi, anayelipa ni familia yenyewe, na hana mkaguzi wa hesabu.

Kanisa lina neno katika jambo hili. Hati ya mwaka 1997 ya Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii kuhusu maadili ya matangazo iliweka misingi mitatu: ukweli, utu wa mwanadamu na wajibu kwa jamii. Mwinjili Marko anatusimulia juu ya mwanamke aliyeteseka miaka 12, akatumia mali yake yote kwa waganga wengi na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Bwana hakumtoza kitu wala hakumwaibisha. Naye Msamaria Mwema, baada ya kumkabidhi majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, aliahidi kurudi. Huruma ya kweli hufuatilia.

Tunapendekeza mambo matatu. Kila tangazo litaje usajili wa nyumba, sifa za wahudumu na gharama zote. Neno “kupona kwa uhakika” lipigwe marufuku. Na wanaolipwa kwa kila mraibu wanayempeleka wawajibishwe. Parokia nazo zisisome tangazo la nyumba yoyote kabla ya kuona uthibitisho wa Mamlaka.

Ndugu waamini, kabla ya kutoa fedha, pigeni simu ya bure ya Mamlaka, 119, mwulize kama nyumba hiyo inatambulika. Itembeleeni. Ulizeni nani hulala zamu, na mraibu akiugua usiku hupelekwa wapi. Nyumba njema haitakasirishwa na maswali hayo. Mraibu ni mtoto wa Mungu; asigeuzwe bidhaa mara mbili, kwanza na muuza unga, kisha na muuza matumaini.