Mpelelezi na Mpiga Ramli: Maoni Kuhusu Kuhamishia Hadithi za Upelelezi kwenye Televisheni

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuiweka riwaya ya upelelezi katika fungu la fasihi pendwa, na aghalabu neno hilo "pendwa" limetumika kwa kuipunguzia hadhi. Msomaji wake, tunaambiwa, hutafuta msisimko tu. Akishamjua muuaji hukifunga kitabu asikifungue tena. Maoni yetu ni tofauti. Katika jamii ambamo ramli bado huweza kumtaja mtu kuwa ndiye chanzo cha kifo cha jirani yake, hadithi inayowazoeza watu kudai ushahidi si pambo. Kwa sababu hiyo, namna hadithi hizo zinavyohamishiwa kwenye televisheni ni suala linalostahili kujadiliwa kwa uzito.

Tuanze na mfano unaojulikana na wengi. Mwaka 2010 BBC ya Uingereza ilianza kuonyesha tamthilia iitwayo Sherlock, iliyobuniwa na Steven Moffat na Mark Gatiss, nayo iliendelea hadi 2017. Watunzi hao walimtoa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle katika London ya magari ya farasi, wakamweka katika London ya simu za mkononi. Daktari Watson wa riwaya ya 1887 alirejea kutoka vita vya Afghanistan akiwa amejeruhiwa. Watson wa 2010 naye amerejea kutoka Afghanistan, wala haikuhitajika kubadili hata jina la nchi. Katika The Sign of Four (1890), Holmes anaichunguza saa ya mfukoni na, kwa mikwaruzo iliyolizunguka tundu la ufunguo, anatambua kuwa mwenyewe alikuwa mlevi aliyeitia ufunguo kwa mkono unaotetemeka. Katika tamthilia, saa imekuwa simu, na mikwaruzo imelizunguka tundu la kuchajia. Chombo kimebadilika, hoja imebaki. Tena mtazamaji, ambaye naye huchaji simu yake kila siku, anaweza kuipima hoja hiyo mwenyewe.

Hata hivyo, tamthilia hiyo haikudumu katika njia hiyo. Katika kipindi cha 2012 Holmes anajirusha kutoka juu ya paa la hospitali mbele ya macho ya rafiki yake, na katika kipindi cha 2014 mtazamaji anapewa maelezo kadhaa ya jinsi alivyonusurika, bila kuhakikishiwa lililo sahihi. Wako walioufurahia mzaha huo. Sisi tunaona kuwa hapo kuna kasoro ya msingi. Shujaa anayejua kwa sababu tu ana akili kupita wengine, na ambaye hatuonyeshi njia aliyopita, amekwisha kuacha upelelezi. Mpelelezi na mpiga ramli wote wawili humtaja mkosaji. Tofauti yao ni kwamba mmoja anawajibika kuonyesha alivyojua, na mwingine hutaka aaminiwe.

Katika fasihi yetu tofauti hiyo ilitambuliwa mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa penye mzimu, na wapo walio tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa, mvuta kiko asiye askari, anautafuta mkono wa binadamu. Ni kweli kwamba kiko hicho kinamkumbusha msomaji Holmes, na wahakiki wamelisema hilo mara nyingi. Lakini swali ambalo Bwana Msa anakabiliana nalo si la London. Adui yake wa kwanza, kabla ya muuaji mwenyewe, ni jibu rahisi ambalo jamii imekwisha kulikubali.

Sasa tuseme mtayarishaji wa televisheni anataka kumtoa Bwana Msa katika Unguja ya wakati ule na kumleta Kagera ya leo: amshushe bandarini Bukoba, kisha ampandishe basi la Muleba. Tunapendekeza huko kwa sababu maalumu. Mwezi Mei 2024 mtoto mwenye ualbino alitekwa wilayani Muleba. Mwezi Juni mabaki ya mwili wake yakapatikana, na nchi nzima ikatikisika. Hatulitaji tukio hilo ili liwe mada ya tamthilia. Msiba wa watu usigeuzwe burudani. Tunalitaja kwa kuwa linatukumbusha kwamba imani za kishirikina, pamoja na ile ambayo vyombo vya dola huiita ramli chonganishi, si mabaki ya zamani yasiyo na madhara.

Mpelelezi wa namna hiyo atasoma alama zipi? Hatapata ukungu wa London wala vichochoro vya Mji Mkongwe. Atakuta kibanja: migomba, mibuni chini yake, na makaburi ya ukoo humo humo. Atapewa buni za kutafuna kama mgeni, na atatazama nani anamkaribisha na nani anajitenga. Tuchukulie kwamba mjane mzee ametajwa na ramli kuwa ndiye aliyemroga marehemu. Bwana Msa hatauliza kama uchawi upo. Atauliza kibanja cha mjane kinapakana na cha nani, na akiondoka yeye nani atakirithi. Mtazamaji wa Muleba analielewa swali hilo kuliko mtazamaji yeyote. Ilibidi Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990, katika kesi iliyoanzia katika mahakama ya mwanzo wilayani Muleba, itamke kuwa mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume.

Huenda msomaji akapinga kwamba kumhamisha hivyo mhusika ni kumvunjia heshima mtunzi. Jibu liko Kagera kwenyewe. Tendi za nanga za Wahaya, ambazo M. M. Mulokozi alizitafiti katika miaka ya 1980, ziliishi kwa kuimbwa upya. Mwimbaji hakuwa mtumwa wa maneno ya mwenzake aliyemtangulia. Alizingatia hadhira iliyoketi mbele yake. Lakini naye alikuwa na mipaka: akiupotosha mkondo wa tukio, wazee waliokuwapo waliujua.

Mipaka ya hadithi ya upelelezi nayo ni hiyo. Kiko kinaweza kuachwa, barua ikawa ujumbe wa simu, Unguja ikawa Muleba. Kisichoweza kuachwa ni kuiweka dalili mbele ya mtazamaji kabla ya mpelelezi kuieleza, ili mtazamaji akosee au apatie kwa akili yake mwenyewe. Mtu aliyezoea kumwuliza Bwana Msa, "Umejuaje?", huenda siku moja akamwuliza hivyo hivyo mpiga ramli, kabla jirani yake hajadhuriwa.